Kipi Kiingie, Kipi Kibaki Nje: Mwongozo Kamili wa Kuchagua Vipengele vya Programu ya Kupanga Foleni za Mtandao

Programu inayopanga foleni za pakiti (vipande vidogo vya data) kwenye ruta huanza ikiwa ndogo, kisha maombi humiminika. Mmoja anataka simu za video zitangulie, mwingine anataka watoto wakatiwe mtandao ifikapo saa tatu usiku, wa tatu anataka kila mkazi wa hosteli apate fungu lake, na wa nne ameona kitu fulani kwenye ruta ya bei kubwa na anauliza kwa nini hapa hakipo. Hakuna ombi la kipuuzi kati ya hayo. Tatizo ni kwamba programu hii hukaa kwenye kichochoro ambacho kila pakiti lazima ipite, na haina muda wa kutafakari: kwenye laini ya megabiti 100 kwa sekunde, pakiti ya baiti 1,500 hutoka kila baada ya mikrosekunde 120, na ruta inayofanya uamuzi huo mara nyingi ni ile ya bei nafuu iliyofungwa ukutani nyuma ya kabati.

Mwongozo huu unamlenga anayeunda programu ya namna hiyo, au anayesimamia mradi wake na kulazimika kujibu maombi. Mfano nitakaoutumia ni CAKE, kipangaji foleni kilichoingia katika kerneli (kiini cha mfumo endeshi) ya Linux toleo la 4.19 mwezi Oktoba 2018, baada ya miaka kadhaa ya kazi ya Jonathan Morton, Dave Täht, Toke Høiland-Jørgensen na wenzao. Waundaji wake walilijibu swali hili kipengele kimoja baada ya kingine, na majibu yao yanasomeka hadi leo katika orodha ya machaguo yake, yakiwemo yale waliyoyaweka lakini wakayaacha yamezimwa.

Hatua ya 1: Hakikisha foleni iko mikononi mwako

Kabla ya kujadili kipengele chochote, tafuta foleni inajengeka wapi. Kwa miaka mingi kadi ya mtandao kwenye Linux iliruhusiwa kuweka pakiti 1,000 zikisubiri. Pakiti 1,000 za baiti 1,500 ni megabaiti 1.5, na kwenye laini inayopakia kwa megabiti 2 kwa sekunde, foleni hiyo ikijaa huchukua sekunde 6 nzima kumalizika. Anayepiga simu ya mtandao wakati huo husikia ukimya, kisha maneno yote kwa mkupuo. Jim Gettys ndiye aliyelipa jambo hili jina la kiingereza linalojulikana sasa, bufferbloat, ambalo kwa lugha yetu tunaweza kuliita kuvimba kwa bafa, yaani kwa mahali pakiti zinaposubiri.

Kulithibitisha hakuhitaji vifaa. Katika ofisi moja niliyokuwa nikiihudumia, niliiacha amri ya ping, inayopima muda wa kwenda na kurudi, ikienda kwenye seva ya nje huku nikimwomba mwenzangu atume video yake ya semina. Namba iliyokuwa ikisoma milisekunde 38 ilipanda hadi 400, kisha 900, na kabla video haijafika robo ilikuwa imevuka 2,000. Laini haikuwa na hitilafu yoyote. Pakiti zilikuwa zimekaa ndani ya modemu zikisubiri zamu.

Foleni ikiwa ndani ya modemu, programu yako haina la kufanya hata ikiwa na vipengele mia. Lazima uivute iwe upande wako kwa kutuma polepole kidogo kuliko laini inavyoweza, kwa mfano megabiti 1.8 pale ambapo laini inabeba 2. Kwa hiyo kidhibiti kasi ndicho kipengele cha kwanza, na hakiombwi na mtu: kipo kwa sababu bila yeye vingine vyote ni mapambo. Kabla ya CAKE, watu waliunganisha kidhibiti kasi cha HTB na kipangaji cha fq_codel kwa hati ndefu za amri, na kosa moja katika hati lilitosha kuharibu kazi nzima bila dalili. CAKE ilivifanya vitu hivyo viwili kuwa kimoja, na amri ikawa fupi hivi:

tc qdisc replace dev eth1 root cake bandwidth 1800kbit nat dual-srchost

Kuunganisha huku kulikuwa na haki, kwa maoni yangu, kwa sababu sehemu hizo mbili hazifanyi kazi zikitengana. Hicho ndicho kigezo cha kuunganisha. Kwamba vitu viwili hutumiwa na watu walewale si sababu ya kutosha.

Hatua ya 2: Andika kipimo kabla ya kipengele

Ombi likifika, liandike upya kama tatizo linalopimika. “Simu za video zitangulie” haliwezi kupimwa. “Laini ikiwa imejaa pande zote mbili, pakiti ndogo ya sauti isicheleweshwe zaidi ya milisekunde 20 juu ya muda wake wa kawaida” linaweza kupimwa leo hii. Chombo cha Flent kina jaribio liitwalo RRUL, linaloanzisha mitiririko minne ya kupakua na minne ya kupakia kwa wakati mmoja, huku likipima ucheleweshaji. Kama huna zaidi ya iperf3 (programu ya kujaza laini kwa majaribio) na dirisha la ping, tumia hivyo hivyo. Kinachotakiwa ni kuwa na mchoro wa kabla, ulionao mkononi siku utakapoulizwa kama kipengele kimesaidia.

Faida ya hatua hii huonekana haraka. Maombi mengi ya kuitanguliza programu fulani huwa ni malalamiko ya foleni ndefu yaliyovaa nguo nyingine, na foleni ikifupishwa mwombaji husahau alichokuwa akikitaka.

Hatua ya 3: Hoji kila ombi kwa maswali manne

Swali la kwanza ndilo zito kuliko yote: je, kazi hii inahitaji kufanyika wakati pakiti inatoka? Ikiwa inaweza kufanyika kabla, na ukuta wa moto au hati inayoamka kila dakika, basi si mali ya kipangaji foleni. La pili ni kama kipengele kitamsaidia mtu asiyejua kuwa kipo, kwa maana watumiaji walio wengi hawafungui ukurasa wa mipangilio hata mara moja. La tatu linahusu gharama kwenye ruta dhaifu kuliko zote unazozihudumia, ikihesabiwa kwa mizunguko ya prosesa na kwa kumbukumbu, maana kipengele kinachopunguza kasi ya laini nzima kwa manufaa ya mmoja kina deni kubwa. La nne huulizwa mara chache na linaumiza baadaye: mtu mlafi akikijua kipengele hiki, atakitumiaje kujipendelea?

Ombi la kuwakatia watoto mtandao saa tatu usiku linaanguka kwenye swali la kwanza. Ukuta wa moto una saa, una anwani za vifaa, na hufanya kazi hiyo bila kumgusa kipangaji.

Hatua ya 4: Jenga kiini na ukitumie muda mwingi

Kiini cha programu hizi kina nusu mbili. Ya kwanza ni kutenganisha mitiririko. Fikiria dirisha moja la benki ambapo mwenye hati moja ya kuweka fedha amesimama nyuma ya mfanyabiashara aliyekuja na gunia la sarafu. Mpangaji mzuri humwambia mfanyabiashara ahudumiwe kiganja kimoja, ampishe mwenye hati, kisha aendelee. Kwenye mtandao, mwenye hati ni ombi la jina la tovuti, pakiti ya sauti au kibonyezo cha mchezo. Gunia ni sasisho la mfumo linalopakuliwa. Hakuna aliyehitaji kumweleza mpangaji nani ni nani, kwa sababu mtiririko mdogo hujitambulisha kwa udogo wake.

Hapa ndipo mahali pa kutumia muda, kwa sababu undani wake una mitego. Kipangaji cha fq_codel hugawa mitiririko katika foleni 1,024 kwa hashi, yaani kanuni inayoupa kila mtiririko namba ya foleni. Idadi hiyo inaonekana kubwa hadi uhesabu: kukiwa na mitiririko 100 inayoendelea, uwezekano wa mtiririko mpya kuangukia foleni yenye mwenyewe ni takriban asilimia 9. Simu moja kati ya kumi na moja hivi itajikuta imefungwa kamba moja na upakuaji mkubwa. Jibu rahisi lingekuwa kuongeza foleni, na gharama yake ni kumbukumbu. CAKE ilibaki na foleni 1,024 lakini ikazipanga katika makundi ya nane nane, hivi kwamba mtiririko ukikuta foleni yake ina mtu hutafuta iliyo wazi ndani ya kundi lake. Mtumiaji haoni swichi yoyote kwa ajili hiyo, na haipaswi kuwapo. Uboreshaji usio na hasara kwa yeyote hauhitaji kuombwa ruhusa.

Nusu ya pili ni kuidhibiti foleni isirefuke. Kathleen Nichols na Van Jacobson walitoa CoDel mwaka 2012, na wazo lake ni kuacha kuhesabu pakiti zilizo foleni na kupima muda ambao kila pakiti imesubiri. Ikiwa hata pakiti iliyosubiri kidogo kuliko zote imezidi milisekunde 5 kwa muda wa milisekunde 100 mfululizo, programu huanza kudondosha pakiti moja moja, kwa vipindi vinavyozidi kufupika, hadi mtumaji apunguze kasi. Pale ambapo pande zote mbili zinakubali, pakiti huwekewa alama badala ya kudondoshwa. CAKE iliongezea kanuni ya BLUE kwa ajili ya watumaji wasiosikia, wale wanaoendelea kumwaga pakiti hata baada ya kudondoshewa.

Ukishafikia hapa, rudi kwenye kipimo chako cha hatua ya 2. Katika ofisi ile niliyoitaja, baada ya kiini hiki peke yake, ping haikuvuka milisekunde 50 video ikipakiwa. Maombi matatu kati ya matano niliyokuwa nimeyaandika niliyafuta siku hiyo.

Hatua ya 5: Pokea vile ambavyo kipangaji peke yake ndiye anayeviona

Kuna vipengele visivyo na mvuto ambavyo havina makao mengine. Cha kwanza ni hesabu ya vifungashio vya laini. Laini za ADSL, zinazopita kwenye waya wa simu, husafirisha data ndani ya seli za ATM (vipande vyenye ukubwa mmoja) zenye baiti 53, ambazo 48 tu ndizo za mzigo. Pakiti ya uthibitisho (inayomjulisha mtumaji kuwa data imefika) ya baiti 40, ikiongezewa baiti 40 za vifungashio vya njiani, inahitaji seli mbili, na laini inabeba baiti 106. Programu inayodhani imetuma baiti 40 imekosea kwa zaidi ya mara mbili na nusu. Itazidisha kasi bila kujua, na foleni itarudi ndani ya modemu. Kwenye nyuzi za kioo hesabu hii ya seli haina kazi. Hata hivyo inastahili kuwamo, kwa sababu anayedhibiti kasi ndiye pekee anayejua ukubwa wa kila pakiti inapotoka.

Cha pili ni kuvunja mafungu makubwa. Ili kupunguza kazi ya prosesa, kerneli huunganisha pakiti katika fungu moja linaloweza kufika kilobaiti 64. Kwenye laini ya megabiti 1 fungu hilo hushika njia kwa zaidi ya nusu sekunde, na hakuna haki ya foleni inayoweza kulikatiza likishaanza kutoka. CAKE hulivunja kwa kawaida yake. Ni kipengele kinachogharimu prosesa, na wenye laini za kasi kubwa wanaweza kukizima.

Cha tatu ni haki baina ya vifaa, na hapa lile swali la mlafi linapata jibu. Haki kwa kila mtiririko huonekana ya haki hadi kompyuta moja ifungue miunganisho 30 ya kupakua faili huku simu ya jirani ikiwa na mmoja. Kompyuta itachukua mafungu 30 kati ya 31. Ukigawa kwanza kwa kifaa, ndipo ugawe kwa mtiririko, kila mmoja anapata nusu yake; hiyo ndiyo kazi ya neno dual-srchost katika amri ya hatua ya 1. Kikwazo ni kwamba pakiti zikifika upande wa nje wa ruta huwa zimebadilishwa anwani, na zote huonekana zimetoka kwa ruta yenyewe. CAKE huliendea jedwali la kerneli linalofuatilia miunganisho na kuuliza mwenye pakiti ni nani hasa. Swichi ya nat, inayofanya kazi hiyo, imezimwa katika hali ya kawaida, na ndiyo maana nimeiandika wazi katika amri ya hapo juu. Wengi huisahau, wakidhani wamegawa kwa vifaa kumbe hawajagawa chochote.

Hatua ya 6: Vipaumbele viwe na gharama kwa anayevitumia

Ombi la vipaumbele haliwezi kukwepwa milele. Kila pakiti ya IP ina nafasi ya biti sita ya kuandikia daraja lake, na simu nyingi za mtandao hujiandika namba 46. Ukiitii alama hiyo bila masharti, siku ya pili kila programu itajiandika 46.

Suluhisho la CAKE ni la kuigwa. Katika mpango wa madaraja manne, daraja la sauti hutangulizwa maadamu halijavuka robo ya kasi ya laini, na la video maadamu halijavuka nusu. Likivuka kipimo chake, daraja hupoteza upendeleo. Anayedanganya ili apakue faili kubwa kwa jina la sauti hujikuta amejiingiza kwenye daraja linaloadhibiwa kwa ukubwa. Kwa upande mwingine, daraja la mizigo ya chinichini lina kipimo cha moja ya kumi na sita, na likikuta laini tupu linaweza kuitumia yote. Hivyo mtu ana sababu ya kusema kweli.

Idadi ya madaraja nayo iliamuliwa kwa kiasi. Kuna mpango wa madaraja manane kwa wanaoutaka, lakini unaowashwa wenyewe ni wa matatu: mizigo, kawaida na sauti. Ukipokea ombi la daraja la nne, mwombe mwombaji akuonyeshe mchoro unaothibitisha kuwa matatu hayakutosha.

Hatua ya 7: Kataa, au elekeza kwingine

Kutambua programu kwa kuchungulia ndani ya pakiti kulikuwa na maana pale data ilipopita wazi. Sasa sehemu kubwa imesimbwa na hupita mlango uleule wa 443, kwa hiyo orodha ya programu utakayoijenga itaanza kuoza siku utakayoitoa, na utakuwa umejipa kazi ya kuisasisha maisha yako yote. Kataa.

Vifurushi vya wateja na bei zake ni jambo la kweli kwa mtoa huduma, lakini si la kipangaji. Mradi wa LibreQoS umeonyesha mpangilio ulio sahihi: CAKE inabaki ilivyo, na juu yake inajengwa programu nyingine inayojua mteja yupi amelipia kasi gani.

Kufuata kasi inayobadilika, kama ya laini za simu za mkononi au za setilaiti za Starlink, ni ombi gumu zaidi, na nakiri niliwahi kulitetea liingie ndani. CAKE ina jaribio lake la ndani la kukisia kasi ya data inayoingia. Lakini kinachotegemewa na watumiaji wengi wa laini hizo ni hati ya nje iitwayo cake-autorate, ambayo hupima ucheleweshaji kuelekea seva kadhaa na kumwamuru CAKE apunguze au aongeze kasi. Ikikosea, hurekebishwa kwa kihariri cha maandishi bila kugusa kerneli. Alichotakiwa kipangaji kutoa ni kitu kimoja tu, yaani kukubali kubadilishiwa kasi bila kuzimwa na kuwashwa upya. Mara nyingi kipengele kinachofaa kuingia ni kitasa cha namna hiyo, na injini yake ikabaki nje.

Hatua ya 8: Amua kinachowashwa chenyewe

Kipengele kikishakubaliwa, bado hujaamua kama kiwe kimewashwa. Kuchuja pakiti za uthibitisho ni mfano mzuri. Anayepakua kwa megabiti 50 hutuma takriban megabiti 0.87 za uthibitisho kurudi, ikiwa kila pakiti mbili hujibiwa kwa baiti 52. Kwenye laini inayopakia kwa megabiti 1, uthibitisho huo unakaribia kuijaza yote, na kuondoa ule uliopitwa na wakati kunaokoa nafasi nyingi. Kwenye laini yenye kasi sawa pande zote hakuna cha kuokoa, huku ukiwa umejitwika hatari ya kugusa mazungumzo ya watu. CAKE inacho kipengele hiki, kimezimwa.

Thamani za kuanzia zichaguliwe kwa kufikiria wanaokaa mbali. Zile milisekunde 100 za CoDel zinamaanisha safari ya kawaida ya kwenda na kurudi kwenye intaneti. Kwa anayezungumza na seva za Ulaya akiwa Dar es Salaam au Nairobi safari huzidi hapo, na kabla nyaya za baharini kama SEACOM hazijafika pwani yetu mwaka 2009 wengi walipitia setilaiti iliyo umbali wa zaidi ya kilomita 35,000, ambako safari ilizidi nusu sekunde. Waundaji wa CAKE hawakumtaka mtumiaji akokotoe namba. Walimpa maneno ya kuchagua, yakiwemo mtandao wa ndani wa milisekunde 1, ng’ambo ya bahari milisekunde 300 na setilaiti 1,000. Lipo hata neno la safari za sayari hadi sayari, nadhani kwa ajili ya mjukuu wa mtu.

Hatua ya 9: Jaribu palipo dhaifu, hesabu, na uandike ulichokataa

Jaribu kila kipengele kipya kwenye ruta mbovu kuliko zote ulizonazo, prosesa ikiwa imejaa, kwa sababu kudhibiti kasi kwa programu ndiko kunakoichosha ruta ndogo kabla ya kitu kingine. Kwenye kompyuta ya mezani vipengele vyote ni vyepesi.

Weka kaunta ndani tangu siku ya kwanza. Amri ya tc -s qdisc show dev eth1 huonyesha, kwa kila daraja la CAKE, kasi iliyopangwa, ucheleweshaji wa juu na wa wastani, pakiti zilizodondoshwa, zilizowekewa alama na uthibitisho uliochujwa. Anayelalamika hutumiwa kwanza amri hiyo, na mara nyingi jibu hutoka hapo hapo: kasi ya kidhibiti imewekwa juu kuliko laini, na kaunta zote za kudondosha ni sifuri.

Kila ombi ulilolikataa liandikie mistari miwili katika faili la mradi, wa kwanza ukieleza sababu na wa pili ukitaja kipimo kitakachokufanya ulifungue tena. Vivyo hivyo kwa kipengele kinachozeeka: kaunta yake ikisoma sifuri kwenye ruta zote za majaribio kwa matoleo mawili mfululizo, kiondoe, lakini acha neno lake liendelee kupokelewa kwa onyo bila kufanya lolote, ili hati za kuwashia ruta zilizoandikwa miaka mitano nyuma zisigome usiku wa sasisho na kuiacha nyumba nzima bila mtandao.